Fundi wa mitandao asome uzamili au atafute vyeti? Jibu kwa msomaji wa Changamwe

"Mwalimu, salaam. Mimi ni kijana wa miaka 29, fundi wa mitandao katika kampuni moja ya kuhifadhi makontena huku Changamwe, Mombasa. Nina shahada ya teknolojia ya habari, daraja la pili la chini, niliyoipata miaka 5 iliyopita, pamoja na CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. Kila siku alasiri simu za intaneti za idara ya kuondosha mizigo hukatika-katika, ilhali grafu yaonyesha laini imetumika asilimia 70 tu. Mwaka jana tuliongeza laini kutoka megabiti 10 hadi 20 kwa sekunde, tukapumua miezi miwili, kisha taabu ikarudi pale pale. Naona aibu kwamba sijui sababu. Nataka kusoma uzamili wa mitandao ya kompyuta, lakini hisabati yangu ni dhaifu, ada ni kubwa, na wenzangu waniambia shahada ya pili ni karatasi tu, bora niongeze vyeti, tena kwamba kazi yenyewe itamezwa na akili unde. Je, nisome hapa, ng'ambo, au kwa njia ya mtandao? Au niache kabisa?"

Ndugu yangu, ahsante kwa barua yenye maelezo kamili. Ndani yake mna maswali mawili uliyoyafunga furushi moja: kwa nini simu hukatika, na kama inakupasa kusoma. Nitaanza na lile la kwanza, ijapokuwa hukuniuliza waziwazi, kwa sababu ukishaona jibu lake lilivyo utajua mwenyewe uzamili wa mitandao hufundisha nini, na kama ndicho unachokitafuta. Na hiyo aibu iweke kando. Wapo mafundi wenye miaka mingi kazini kuliko wewe ambao wamekutana na tatizo hili hili, wakanunua laini kubwa zaidi, wakaendelea na shughuli zao. Wewe umeona kwamba dawa ilifanya kazi miezi miwili kisha ikaisha nguvu, na ukataka kujua sababu.

Tuitazame ile asilimia 70. Programu yenu ya ufuatiliaji, kama zilivyo nyingi, huenda inaiuliza ruta, kile kifaa kinachoelekeza data kwenye laini, kila baada ya dakika 5 imepitisha baiti ngapi, kisha inagawanya kwa muda uliopita. Dakika 5 ni sekunde 300. Ikiwa laini ilijaa pomoni kwa sekunde 210 na kukaa tupu kwa zile 90 zilizobaki, grafu itachora asilimia 70, na hesabu yake itakuwa sahihi kabisa, ila waliokuwa kwenye simu katika zile sekunde 210 watakuwa wameteseka wote. Ndivyo ilivyo kwenye kivuko cha Likoni. Ukijumlisha abiria wa siku nzima na nafasi za feri za siku nzima, huenda ukaona nafasi zatosha na kubaki, lakini mtu aliyesimama upande wa kisiwani saa kumi na moja jioni, ameukumbatia mfuko wa mkate kifuani usipondwe, havuki kwa wastani wa siku. Anavuka kwa kadiri ya foleni iliyo mbele yake.

Ruta nayo ina foleni yake, ndani ya sehemu ya kumbukumbu iitwayo bafa, ambamo pakiti, yaani vipande vidogo vya data, husubiri zamu ya kutoka. Itifaki ya TCP, ambayo ndiyo hubeba barua pepe, faili na hati za mizigo mnazozipakia, haijui laini yenu ina ukubwa gani. Hupapasa tu: huongeza kasi kidogo kidogo mpaka pakiti ipotee, na kupotea huko huwa ndiyo ishara ya kupunguza mwendo. Tabia hii ya kujizuia ina historia yake. Mnamo Oktoba 1986 kiungo kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde, kwa kuwa kompyuta zilizidi kurudia kutuma pakiti kwenye njia ambayo tayari imeziba. Van Jacobson alilichunguza jambo lile, na mwaka 1988 akachapisha kanuni ambazo mpaka leo ni msingi wa jinsi TCP inavyokwepa msongamano.

Lakini kanuni hizo zinategemea ruta idondoshe pakiti mapema foleni inapoanza kurefuka. Bafa ikiwa kubwa mno, hakuna kinachodondoka. Foleni hurefuka kimya kimya na mtumaji hapati habari. Fanya hesabu na ruta yenu. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo bafa ya megabaiti 2 ni megabiti 16, na kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde ikijaa itachukua milisekunde 800 kumwagika. Pakiti ya sauti ikiingia mkiani mwa foleni hiyo, itasubiri karibu sekunde nzima, ilhali ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri. Hakuna pakiti iliyopotea, hakuna kengele iliyolia, grafu ni ya kijani, na karani anapaza sauti, "Haloo, haloo, wanisikia?" Ndiyo sababu kuongeza laini kuliwapa nafuu ya muda tu: mafaili, nakala rudufu na kamera viliizoea nafasi mpya, vikaijaza, na foleni ikasimama tena pale pale.

Dawa ya foleni hii ipo, na hainunuliwi kwa mtoa huduma. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa mbinu iitwayo CoDel, ambayo haiangalii foleni ni ndefu kiasi gani. Huangalia pakiti imekaa humo muda gani, na ikiona zinakawia mfululizo huanza kudondosha. Ndugu yake, FQ-CoDel, iliyochapishwa katika hati ya kiufundi RFC 8290 mwaka 2018, huitenga mitiririko ya data, hivi kwamba faili kubwa la mtu mmoja haliizibii njia sauti ya mwingine. Imo ndani ya mfumo endeshi wa Linux, bila malipo. Sijaiona laini yenu, na huenda kikawapo kisababishi kingine, kwa mfano kiungo cha redio kwa mtoa huduma kinachoyumba alasiri. Hilo wewe utalithibitisha kwa kupima, nami nitakueleza namna mwishoni.

Sasa tazama tulichofanya, maana hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. CCNA ilikufundisha kuiamrisha ruta, nayo ni elimu ya heshima. Hakuna siku nitakayoidharau. Uzamili hauongezi amri nyingine juu ya hizo. Hili ndilo kosa ninaloliona kila mwaka kwa wanaojiunga: wanadhani shahada ya pili ni CCNA iliyorefushwa, wanakaa darasani muhula mzima wakingojea maabara ya kusanidi swichi, na wanapoletewa nadharia ya foleni wanahisi wametapeliwa. Wanachopewa ni uwezo wa kuuliza swali lililo wazi, kuchagua kipimo kinachoweza kulijibu, na kukiri pale kipimo kinapowakatalia.

Nikupe mfano kwa karibu. Mwaka 1909 A. K. Erlang, mwanahisabati wa Copenhagen, alianza kuzieleza simu zinazoingia kwenye kituo kwa hesabu ya uwezekano, na kutokana na kazi ya aina hiyo tunayo kanuni nyepesi: ukichukua muda wa kuhudumia pakiti moja na kuugawanya kwa sehemu ya laini iliyo wazi, utapata wastani wa muda ambao pakiti hukaa kwenye ruta, kusubiri na kuhudumiwa. Laini ikitumika nusu, muda huwa mara 2. Ikifika asilimia 90, mara 10. Ikifika 95, mara 20. Pakiti ya baiti 1,500 huhitaji milisekunde 0.6 kwenye laini yenu, kwa hivyo kwa asilimia 70 kanuni inatabiri milisekunde 2 tu. Milisekunde 2 haziwezi kukata simu! Kwa hiyo ama kanuni haifai hapa, ama ile asilimia 70 si hali halisi ya wakati simu zinapokatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Bellcore, kampuni ya utafiti wa mawasiliano ya simu huko Marekani, wakiwa na vipimo halisi vya mtandao wa Ethaneti, walionyesha kwamba data haiji kama simu za zama za Erlang: huja kwa mafuriko, na mafuriko hayo hayatulii hata ukitazama kwa vipindi virefu. Mwanafunzi wa uzamili ni yule anayeijua kanuni, anajua imesimama juu ya dhana gani, na anaweza kuonyesha kwa takwimu zake mwenyewe mahali ambapo dhana hiyo imevunjika.

Na kuhusu hisabati, umeona kwamba hesabu zote tulizofanya hapa ni za kuzidisha na kugawanya. Sikwambii kwamba ni hivyo hadi mwisho. Utahitaji uwezekano, takwimu za kulinganisha vipimo, aljebra kidogo ya matriki, na uandishi wa programu, hasa Python, wa kutosha kuchambua faili lenye mistari milioni moja bila kuihesabu kwa mkono. Ninayoyaona ni kwamba mtu mzima aliyekuwa dhaifu darasani huielewa takwimu upesi akiwa na data ya kazini kwake mwenyewe, kwa kuwa kila nambari anajua ilikotoka. Jipe miezi minne ya jioni kabla ya kuomba nafasi. Ikiwa baada ya miezi hiyo bado wazichukia nambari kwa dhati, basi usiingie kwenye uzamili wa utafiti, na hutakuwa umepungukiwa na kitu kama fundi.

Wenzako wanaosema shahada ni karatasi wana sehemu ya ukweli, na sitaki kuificha. Ukiwa unatafuta nyongeza ya mshahara ndani ya mwaka mmoja au miwili, CCNP, cheti kilicho juu ya CCNA, au cheti cha usalama wa mitandao kitakufikisha haraka na kwa gharama ndogo zaidi, ijapokuwa vyeti vya Cisco huisha nguvu baada ya miaka 3 usipovihuisha. Shahada haiishi muda wake, lakini pia haimpandishi mtu cheo peke yake. Faida yake iko kwa anayetaka kufundisha chuoni, kubuni mitandao mikubwa, kufanya kazi kwenye kebo za baharini na vituo vya data, kuingia katika udhibiti wa sekta, au kuendelea hadi uzamivu. Ninavyoisoma barua yako, kinachokusumbua ni kutojua sababu, wala si cheo, na kwa hivyo naegemea upande wa wewe kusoma. Lakini pima mwenyewe.

Wapi? Shahada yako ya daraja la pili la chini haikufungii mlango hapa nyumbani, kwani vyuo vingi vya Kenya humkubali mwenye daraja hilo akiwa na uzoefu wa kazi wa miaka kadhaa, nawe unao. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kwamba kozi yenyewe, wala si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko karibu nawe, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na Nairobi viko vinavyofundisha jioni, wikendi au kwa mtandao. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, ina mkopo kwa wanafunzi wa uzamili, na waajiri wengine hulipa sehemu ya ada wakiona swali la utafiti litawafaa wao pia. Tatizo lenu la simu ni hoja nzuri ya kumpelekea meneja.

Ng'ambo kuna mambo mawili ambayo ni heri uyajue mapema. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Uzoefu unao, ila shahada inayotarajiwa kwa kawaida ni ya kiwango cha daraja la pili la juu, kwa hiyo kwa hali yako mlango huo ni mwembamba. DAAD, taasisi ya Ujerumani ya ufadhili wa masomo, ambayo pia hufadhili masomo humu humu Afrika, kwa kawaida hutaka shahada ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Wewe umetimiza 5. Ikiwa una nia nayo, shughulika mwaka huu. Kusoma kwa mtandao katika chuo cha kigeni kunafaa kwa mtu mwenye familia na kazi, mradi uthibitishe mapema kwamba shahada hiyo itatambuliwa nchini, na kwamba ina tasnifu au mradi wenye msimamizi anayekujua kwa jina.

Hata hivyo, sioni ni kwa nini mtu wa Mombasa aone lazima asafiri ili aikute mitandao. Kebo za intaneti za baharini zinaifikia nchi kavu hapa petu: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, LION2 mwaka 2012, PEACE mwaka 2022. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima, na kila mwenye kompyuta mjini alikuwa na nafasi ya kupima pakiti zimehamia njia ipi na zimechelewa kwa kiasi gani. Nawajua wachache mno waliopima. Swali jingine lililo mlangoni pako ni hili: pakiti ikitoka Changamwe kwenda ofisi iliyo Nyali kwa mtoa huduma mwingine, je, hubaki Mombasa, hupanda Nairobi ikarudi, au huvuka bahari? Kituo cha kubadilishana data cha KIXP kilianzishwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2000 ili data ya Kenya isilazimike kutoka nje na kurudi, na kikafungwa kwa agizo la mdhibiti kabla ya kurejea mwaka 2002. Kupima kama lengo lake linatimia kwa mtumiaji wa Pwani ni tasnifu kamili, na vifaa vyake ni kompyuta, ruhusa na subira.

Neno ruhusa nimelitia kwa makusudi. Ukikusanya data kwenye mtandao wa mwajiri, pata idhini ya maandishi, usihifadhi yaliyomo ndani ya mawasiliano ya watu, na ufiche anwani zinazoweza kumtambulisha mtu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata ukiwa mwanafunzi. Utafiti wenyewe utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na chuo kitakuelekeza.

Kuhusu akili unde nitasema kidogo. Itaandika mipangilio ya ruta, tena tayari huiandika. Haitapanda ngazi kwenye chumba chenu cha seva kuuliza kwa nini milisekunde 2 za kanuni na milisekunde 800 za bafa iliyojaa zimetofautiana mara mia nne.

Jambo ninalotaka ulichunge kuliko jina la chuo ni msimamizi. Mimi nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili nilimkabidhi msimamizi wangu sura ya pili mwezi wa Machi, na maoni yake yakanifikia Februari iliyofuata, mistari minne kwa kalamu nyekundu. Nilikaribia kuacha, na nawajua waliokuwa na akili kunishinda ambao waliacha kweli. Kwa hiyo usiombe nafasi kwa kujaza fomu peke yake. Nenda kwenye idara kwa miguu yako, umwone mratibu wa uzamili, uulize ni mhadhiri gani anayetafiti mitandao yenyewe na wala si kompyuta kwa jumla, ana wanafunzi wangapi sasa, na wa mwisho alihitimu baada ya muda gani. Tafuta pia wanafunzi wake wawili, uzungumze nao nje ya ofisi. Haya hayajibiki kwa barua, na mimi nikiwa mbali siwezi kukujibia. Kuhusu fedha vilevile, kaa na mtu wa sacco yako, mwende pamoja mstari kwa mstari juu ya hati yako ya mshahara kabla hujaweka saini kwenye mkopo wowote.

Usiende idarani mikono mitupu. Kwa siku 5 za kazi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, iache kompyuta moja ipige pingi, yaani itume ujumbe mfupi wa kupima muda wa kwenda na kurudi, mara moja kwa sekunde kuelekea anwani ya kwanza ya mtoa huduma wenu, ile iliyo ng'ambo ya pili ya laini, na uhifadhi kila jibu pamoja na saa yake. Wakati huo huo isome kaunta ya ruta kila sekunde badala ya kila dakika 5. Chora mistari miwili juu ya karatasi moja: ucheleweshaji na matumizi. Ikiwa ucheleweshaji unapanda hadi mamia ya milisekunde kila laini inapojaa, na kushuka mara inapoachia, basi mna foleni ya bafa. Omba ruhusa kwa meneja uweke kompyuta ya Linux yenye FQ-CoDel mbele ya ruta, uibane kwenye megabiti 18 kwa sekunde ili foleni ihamie mahali unapoitawala, na urudie kipimo kwa siku 5 nyingine. Ikiwa ucheleweshaji unapanda hata laini ikiwa tupu, tatizo liko kwa mtoa huduma, na karatasi hiyo ndiyo utakayomwekea mezani.

Mpelekee yule mhadhiri karatasi zote mbili, ya kabla na ya baada, na umwombe akuonyeshe kosa lililo ndani yake. Akiinama juu ya mistari yako na kuanza kukuuliza ulivyopima, omba nafasi kwake.